Mbolea ya Baba Venance Iliyohamia kwa Jirani

Theodori Tluway, ambaye mtaa mzima wa Sigino unamwita Baba Venance, aliteremka kutoka Mbulu na imani moja kuhusu viazi mviringo: vilishe vishibe, vinyweshe vilewe. Mbolea ya yurea aliimwaga yote kwa siku moja, maana mgongo ulikuwa unamsumbua. Na zamu yake ya mfereji ilipofika, Jumanne na Ijumaa, aliacha maji yatembee shambani kutwa nzima. Kuyafunga mapema aliona ni kumzawadia mtu mwingine.

Msimu ule majani ya viazi yakawa ya manjano. Akaongeza yurea, akaongeza maji. Yakazidi umanjano. Lakini bondeni, mpakani tu, majani ya tembo ambayo jirani yake Mektilda, Mama Brightness, hulishia ng'ombe yalikuwa ya kijani kibichi, marefu kumpita mtu, na Baba Venance alijua fika kwamba mama huyo hajawahi kununua mbolea hata kisado.

Akanyunyiza majivu mpakani ili anase nyayo za mwizi. Kesho yake akakuta nyayo kweli. Alizifuata kwa hasira mpaka mlangoni kwake mwenyewe, akatazama mabuti yake, akayakung'uta majivu.

Hata hivyo alienda kwa Mektilda.

"Shikamoo Baba Venance."

"Mbolea yangu iko wapi?"

"Marahaba imekushinda?"

"Marahaba! Mbolea yangu iko wapi, Mama Brightness?"

Wakafika kwa mwenyekiti wa mtaa, Wilbert, ambaye baada ya kuwasikiliza hakuita polisi. Alimpigia simu Evangelina, bibi shamba.

Evangelina alifika, akaomba sepetu, akachimba shimo katikati ya viazi. "Tazama, baba. Mizizi inaishia hapa, haifiki hata goti. Lakini udongo umelowa mpaka huku chini. Yurea ikishageuka ardhini inayeyuka na kufuata maji. Kiazi kinaionja tu wakati inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

Evangelina akanyoosha mkono bondeni, palipokuwa na maji yanayochuruzika pembeni mwa majani ya tembo.

Baba Venance akamgeukia Mektilda. "Yaani muda wote huu nimelisha ng'ombe wako?"

"Na maziwa yake umekunywa," Mektilda akajibu. "Nani anakuletea kila Jumapili?"

Wilbert alicheka mpaka akashika mti. Evangelina hakucheka. Alikuwa ameona kisima kifupi kule bondeni, akauliza kinatumiwa na nani.

"Sisi," Baba Venance alisema. "Mkwe wangu anamkorogea mtoto maziwa ya kopo kwa maji hayo. Mtoto ana miezi minne."

"Aache leo. Mbolea hiyo hiyo huenda imeingia humo, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Kuchemsha hakuiondoi. Tumieni maji ya bomba mpaka tupime ya kisima."

Mzee alikaa chini kwenye tuta. Jioni hiyo alifunga madumu kwenye baiskeli akaenda bombani mwenyewe, akaendelea hivyo wiki sita, mpaka mkwe akaona aibu, akampokea kazi hiyo.

Msimu uliofuata aligawa yurea mara tatu, kidogo kidogo, akaifukia. Kabla ya kumwagilia alichimba kwa mkono na kufinyanga udongo; ukishikamana, aliacha kumwagilia. Kazi iliyomtesa ni kufunga mfereji baada ya saa moja. Alisimama pale na jembe, akiyatazama maji yakienda kwa wenzake, akiguna kama anayeng'olewa jino.

Viazi vilitoka kama ngumi. Siku ya kuvuna Mektilda alikuja, akasimama katikati ya shamba, amenuna.

"Baba Venance, majani yangu yamekuwa ya manjano. Umenifungia maji?"

"Una samadi imejaa zizini, mama."

"Ni nzito."

Baba Venance akashika mgongo, akaugulia, kisha akaenda kuchukua toroli. Waliisomba siku tatu, yeye akisukuma, Mektilda akimwelekeza kwa sauti kwamba asiirundike sehemu moja.