Mke Abaki, Mume Ahame

Mume wangu Gathogo alizaliwa hapa hapa Kiminini. Wazazi wake ndio waliotoka Nyandarua. Yeye huko hajawahi kulala hata usiku mmoja. Alipofika umri wa kutahiriwa alikataa hospitali, akaenda mtoni alfajiri na vijana wa Kibukusu, akapakwa tope, akasimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Aliyesimama kando yake ni Sifuna. Kwetu Wabukusu, waliopashwa tohara pamoja ni bakoki, na bakoki wako humfungii mlango.

Sasa Sifuna anagombea kiti cha wodi. Gathogo humfanyia kampeni bila kuombwa, kanisani, sokoni, hadi shambani anaacha jembe kumsifu. Jumapili alipotutembelea nilichinja kuku, na Gathogo akampa firigisi, nyama ya mwenye nyumba.

Akaila, akajipangusa mdomo. "Gathogo, bakoki yangu, usikasirike. Si uhamishe kura yako uipeleke kwenu Nyandarua? Hapa watu wa kabila lako mko wengi bana, mnaniharibia hesabu. Nauli niko nayo."

"Kwetu ni wapi?" Gathogo akauliza.

"Si unajua. Na hawa wasichana wako wawili wapiga kura pia wahame, ati wana jina lako. Mkeo Nasambu abaki. Huyo ni wetu."

Nilipandwa na hasira. Watoto niliowazaa mimi, niliowabeba mgongoni nikipalilia mahindi, leo jina la baba yao limekuwa kosa! Na mimi nihesabiwe kama ng'ombe wa ukoo! Mtu anakula chakula chetu, kisha anaipasua nyumba yetu kama kuni.

"Na kitanda chetu, Sifuna," nikamuuliza, "nusu yake ni ya kabila gani?"

"Shemeji, hii ni siasa tu. Najua Gathogo ananiongelea vizuri. Lakini mtu akiingia pale ndani kupiga kura, anasikiza damu."

Gathogo akanawa mikono taratibu.

"Hatuhami," akasema. "Nyumba hii ulikuwa na kura nne, Sifuna, hata kabla hujapata za ndugu zako. Tatu umezifukuza mwenyewe."

"Na ya nne," nikasema nikiondoa sahani yake, "usiitafute."