Mama Birika na Walinzi Watatu

Huyu mama ni fundi wa kompyuta. Jina lake analo, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Anaitwa Mama Birika. Nitaeleza kwa nini.

Mimi nilikuwa fundi wa milango, miaka arobaini na mmoja. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa uzeeni na mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu. Tulisomea kwenye meza ya kulia chakula, baada ya kufuta makombo. Kifua kilipoanza kumsumbua akaniambia, "Mume wangu, wewe ni mgumu kama mninga. Naona nitaondoka kabla hujahitimu." Akafungua kompyuta yake, akawa anarekodi masomo kwa sauti. Masomo ishirini.

Nilikuwa nimefika la kumi na moja alipofariki.

Miezi minne sikuigusa. Siku nilipoiwasha, haiendi. Nabonyeza, naenda kuoga, narudi, kiduara bado kinazunguka. Nikifungua somo la kumi na mbili, sauti inakatika. "So... so... mo la... ku..." Kisha kimya.

Mke wangu hakuwa na kigugumizi. Maneno yake yalitoka mazima, hasa akiwa amekasirika. Sikuweza kumsikiliza amekatwakatwa vile. Nikaifunga.

Niliipeleka duka la barabara kuu. Fundi wa pale aliitazama kwa mbali kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Mzee, hii tunafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Na sauti zilizomo?"

"Zinakwenda na vingine."

Nikaiweka kwapani, nikarudi nayo nyumbani. Jirani wa ukuta wa pili aliniona nimekaa nayo kibarazani kama nimebeba mgonjwa. Akasema, "Mwite Mama Birika. Lakini uwe na majani ya chai."

Alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Ni mfupi, umri hamsini na kitu, mfuko wa turubai begani. Nilipomweleza habari za mwalimu na masomo yake, alivua saa, akavua pete, akaviweka kwenye kisahani. Akainamisha sikio juu ya kompyuta, akasikiliza.

"Imechoka," alisema.

"Haijafa?"

"Kwangu hazifi, mzee. Zinachoka." Akageuka. "Birika unalo?"

"Ninalo."

"Tia vikombe vitatu vya maji. Nikiwasha hii, na wewe washa jiko. Tusipishane."

Shemeji yangu alikuwepo, mdogo wake marehemu. Penye chai huyo hakosekani. Akacheka. "Fundi, umekuja kutengeneza au kunywa?"

"Yote mawili, kaka. Kwa zamu."

Basi ndiyo kazi yake hiyo. Watu wengine hupima kwa saa, yeye hupima kwa birika. Anasema saa ina ubishi. Ukimwambia mtu mashine yake ilichukua dakika tisa na sasa inachukua mbili, atasema ulitazama vibaya. Maji yakichemka, kila mtu ameyasikia.

Haya, alituambia tukingoja maji, alijifunzia kazini. Alikuwa mfagizi wa ofisi moja, miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alifuta vumbi kompyuta thelathini na mbili, kisha akabandika chai ya wakubwa. Akaona jambo. Kompyuta nyingine zinaamka birika halijaanza kuimba. Nyingine, wakubwa wamemaliza chai na zenyewe bado zinakoroma. Akamwuliza fundi wa ofisi kwa nini. Yule akamjibu kwa dhihaka: "Wewe shika ufagio." Kesho yake akauliza tena. Mwezi wa tatu fundi akachoka, akaanza kumjibu vizuri. Siku aliyostaafu alimwachia bisibisi zake zote, na kile kikopo cha kuwekea skrubu anachotembea nacho mpaka leo. Chuo hakukanyaga.

Hapo ndipo nilipoacha kumwita mama. Nikamwita fundi mwenzangu.

Turudi kwenye birika. Maji yalichemka. Nikatia majani. Yakaiva, nikamimina. Shemeji akamaliza kikombe, akasogeza kingine. Alipofika katikati ya hicho cha pili, ndipo kompyuta ikafunguka.

Mama Birika akabonyeza hapa na pale. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Fundi mwenzangu, ni nani aliyeweka walinzi watatu humu?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Zile programu za kuzuia virusi, antivairasi, zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuja na mashine yenyewe. Ya pili aliiweka mwanangu wa kiume baada ya matanga, kwa kuwa baba anabaki peke yake. Ya tatu aliiweka binti yangu wiki iliyofuata, kwa sababu hiyohiyo. Hawakuambiana.

"Na mimi nilidhani ni watatu," alisema. "Kumbe huyu wa nne ametoka wapi?"

Nikakohoa kidogo.

Kuna siku nilipoifungua, iliniuliza swali refu. Sikulisoma lote. Chini palikuwa na maneno mawili ya kubonyeza. Moja lilikuwa refu. Lingine lilikuwa "Ndiyo". Hilo nilikuwa nalisoma bila kusita, ni la somo la tatu. Nikabonyeza. Likaja swali lingine, nikabonyeza Ndiyo. Nilifurahi. Nilijiona nimesoma.

Mama Birika alicheka mpaka miwani ikateleza. Shemeji akapiga paja. Mimi mwenyewe nikacheka. Tangu msiba nilikuwa sijacheka ndani ya chumba kile.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema akijifuta macho. "Wewe umefuga wanne. Sikiliza. Kila faili linalofunguliwa, mlinzi wa kwanza analipekua. Wa pili naye anataka kulipekua. Wa tatu anamwona wa pili ameshika kitu, anamshuku mwizi. Wa nne anawapekua wote. Wewe na mwalimu wako mmesimama nje mnangoja."

Hilo nililielewa kabisa. Niliwahi kumtengenezea tajiri mmoja mlango wa kufuli tano. Alitaka sita, nikakataa. Baada ya mwezi nilipita pale, nikamkuta mwenyewe anaingilia dirishani.

Shemeji akaona nafasi yake. "Mimi si nilisema? Antivairasi ndiyo ugonjwa wenyewe! Yangu nimetoa zote, na ule ukuta wao wa moto, wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, nimeuzima. Inakwenda kama mshale. Toa zote, fundi."

"Tutapima," alisema Mama Birika. "Lakini kwanza tumtoe mwalimu nje. Ndipo tufagie."

Akachomeka diski yake ndogo, akanakili masomo yote ishirini. Ilichukua muda mrefu. Alikaa ameshika kikopo cha skrubu kwa mikono miwili. Lilipokwisha la ishirini aliniuliza, "Ukitaka, nitakuwekea kwenye kompyuta yangu usikilize sasa hivi."

"Hapana," nilisema. "Aliyasemea humu."

Akakubali kwa kichwa, akachomoa diski yake.

Birika la pili. Aliondoa walinzi wa kuletwa, mmoja mmoja, akamlaza hata yule aliyekuja na mashine. Ukuta wa moto nao akauzima. Kabla ya hayo alichomoa waya wa mtandao. "Nyumba isiyo na mlinzi haiachwi wazi," alisema, "hata kwa muda wa birika moja." Maji mapya, vikombe vitatu, jiko lilelile. Tukawasha pamoja. Birika likaanza kuimba kidogo tu, kompyuta ikafunguka.

"Mshale!" Shemeji akasimama. "Mshale, nimewaambia! Andikeni!"

"Kaa, kaka. Bado birika moja."

Birika la tatu. Akamwamsha mlinzi mmoja, yule wa mashine. Akauwasha ukuta. Maji mapya tena. Mimi nilikuwa jikoni, nimeinama juu ya birika kama ninatega mtego. Likaanza kuimba. Likaimba kidogo tena. Nikasikia kutoka chumbani: "Tayari!"

Nikafunua kifuniko. Mapovu madogo yalikuwa yameanza chini, yale ya kwanza kabisa.

"Tofauti ni mapovu," nilisema.

"Ndiyo bei yake hiyo," alisema Mama Birika. "Mlinzi mmoja anakula, sikatai. Mashine hii ni ya zamani, na kila kijiko kinaonekana. Lakini anakula mapovu, si birika zima. Na ukuta wa moto huo hauli karibu chochote. Umesimama mlangoni, unauliza nani anaingia, nani anatoka. Basi. Anayepekua chumba kwa chumba ni antivairasi."

"Mapovu ni mapovu," Shemeji alisema. Hakutaka kukaa. "Mtu mwenye akili zake hakubali kuchelewa hata kidogo. Mimi miaka mitatu sina mlinzi, sijaugua. Ngoja niwaonyeshe." Akatoa flashi mfukoni, imefungwa na uzi wa funguo. "Nyimbo zangu za zamani zimo humu. Dada alikuwa anazipenda. Tutaziweka."

Akaichomeka mwenyewe.

Haukupita hata muda wa kuhesabu vidole. Skrini ikaleta kisanduku chekundu. Nilikisoma mimi, kwa sauti, polepole, nikifuata kwa kidole: "Vimezuiwa. Virusi. Kumi na saba."

Shemeji akaisogelea skrini.

"Hao si wangu," alisema Shemeji.

"Wametoka mfukoni mwako, kaka."

"Labda walikuwa humuhumu."

"Humu nimefagia sasa hivi," alisema Mama Birika. "Mshale wako una abiria. Na kompyuta yako nyumbani, ukipenda, niletee Jumatatu. Njoo na majani yako ya chai."

Shemeji alikaa. Akasema chai imepoa. Haikuwa imepoa.

Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine. Kama tungemsikiliza Shemeji tukaishia birika la pili, wale kumi na saba wangeingia moja kwa moja mpaka kwenye masomo. Nikajikuta nimeiwekea kompyuta mkono, kama anayezuia mlango.

Mama Birika aliona. Aliizima kompyuta, akachukua bisibisi, akaanza kutoa skrubu na kuzipanga kwenye kikopo.

"Vumbi nilikuwa nimeliacha makusudi," alisema. "Ningelitoa mwanzo, msingejua ni brashi iliyofanya kazi au ni kupungua kwa walinzi."

Alitoa vumbi la kujaza kiganja. Akasafisha feni kwa brashi ndogo kama ya kupaka kucha. Akaniuliza, "Mchana unalala saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi saa nane mlinzi atafanya upekuzi wake mkubwa. Wewe umelala, yeye anafanya kazi. Hamtagombana. Na ikikuuliza swali lolote?"

"Nabonyeza Ndiyo."

"Mzee!"

"Nakutania, fundi mwenzangu. Nasoma lote kwanza. Nisipoelewa, nakupigia."

Alifunga skrubu ya mwisho. Akasogeza kiti nyuma, akanipisha. "Haya. Mwite mwalimu."

Nikafungua somo la kumi na mbili.

"Somo la kumi na mbili," alisema mke wangu. Lote, bila kukatika. "Umekaa vizuri? Toa kiwiko mezani."

Nikatoa kiwiko. Shemeji naye akatoa chake.

"Herufi sasa zinatosha," akaendelea. "Leo utaandika habari za mtu mmoja. Usiniandike mimi. Utalowanisha karatasi bure, na karatasi ni za kwangu. Chagua mtu aliye hai, anayeifanya kazi yake sawasawa. Usiandike kwamba ni mwema. Andika alichofanya, msomaji ataona mwenyewe. Na usiandike mengi. Najua hutaandika mengi. Haya, kalamu."

Shemeji alikuwa amegeukia dirishani. Nilimwacha.

Mama Birika alikuwa anavaa saa yake. Kisha pete. Nilitazama ile mikono. Nikamwuliza, "Fundi, uliniambia ofisini kulikuwa na kompyuta thelathini na ngapi?"

"Thelathini na mbili. Kwa nini?"

"Nataka kuandika sawasawa."

Imenichukua wiki sita kuandika haya. Somo la kumi na tatu nimelisikiliza jana, linahusu barua. Yamebaki saba, na sina haraka. Nasikiliza moja, nalifanya mpaka liishe, ndipo nafungua jingine.

Asubuhi nawasha kompyuta na birika kwa pamoja. Kompyuta inashinda kila siku. Birika naliambia lisikate tamaa.