Kuni za msitu wa ukoo zilivyomvusha mjukuu wangu kwenye gothiki

Wakuu, marahaba nyote, najua mngenisalimia tu. Walionizidi umri mliomo humu, shikamooni.

Hili limenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Mbishi aje.

Mimi ni bibi wa huku milimani juu ya Gonja, wilaya ya Same. Shule niliishia la tatu, nikikosea mnisamehe.

Mjukuu wangu Nakundwa anasomea ualimu. Likizo hii kaja amenuna. Kumbe mwalimu wao kawapa asaimenti watunge hadithi ya gothiki, ya kwake imerudishwa. Chuo kikifunguliwa aisome upya mbele ya darasa, ikikataliwa tena anarudia somo mwaka mzima.

Nikamwambia nisomee.

Wakuu! Jumba la mawe Ulaya, theluji, mwanamke wa kizungu na mshumaa, mzimu unatoka kabatini. Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka.

"Bibi, unanicheka?"

"Theluji umeikanyaga lini wewe?"

Nikamuuliza hiyo gothiki ni mnyama gani. Akanieleza, huyu mtoto ana akili jamani. Mahali pa kale. Hali ya hewa inayobana roho. Siri ya waliokufa ambayo yenyewe haijafa. Kuna kitu kimekatazwa. Halafu kuna mtu, mara nyingi mwanamke, anaogopa na bado anaingia.

Akasema hata hizi muvi za kutisha wanazoangalia kwenye simu zimetokea humo humo. Familia imehamia nyumba mpya, chumba kimoja hakifunguliwi, unajua tu kuna mjinga atafungua.

Nikamwambia, mama, unahangaika na Ulaya, hiyo gothiki mimi nimeolewa nayo.

Nikampa yangu.

Nimezaliwa Kifaru, kule chini, mila za ukoo wa mume wangu sikuzijua. Nina miezi miwili ya ndoa, mimba changa, mvua na ukungu wiki nzima, kuni zote mbichi. Nyuma ya nyumba kuna msitu, wanauita mpungi, ni wa ukoo. Nikaona matawi makavu yamelala tu, nikasema hawa watu wavivu kweli. Nikaokota, nikainjika makande.

Baba mkwe akaingia, akanusa moshi.

"Mwanangu, kuni hizi umetoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Mama mkwe akanishusha mkono haraka.

Hakuna aliyenigombeza, wakuu. Bora wangenigombeza! Makande yakamwagwa shimoni, tukashinda na njaa. Mama mkwe akakusanya majivu na vijinga kwenye chungu, akanitwika.

"Rudisha ulikotoa. Peke yako. Na usigeuke nyuma."

Mchana kweupe, lakini ule ukungu hata miguu yangu siioni. Nikaingia. Chini ya jiwe kubwa nikakuta mafuvu ya wazee wa ukoo, yamepangwa vizuri kama vyombo kabatini.

Ndipo nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

Sikugeuka. Nikamwaga majivu, nikashika tumbo, nikasema samahanini wazee, mimi mgeni. Kule kuhema kulinisindikiza mpaka nikatoka msituni.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema tu, "Sasa wamekuona." Akaenda zake migombani.

Basi. Mtoto akazaliwa salama, ndiye baba yake Nakundwa.

Nakundwa akaandika yote, ila mwishoni akaongeza mzimu unanishika bega. Tukagombana siku mbili.

"Bibi, bila mzimu haitishi!"

"Nikishamwona nitajua ni mrefu au mfupi, uoga unaisha. Mwache huko huko nyuma yangu."

Akanuna. Akaukata.

Juzi kanipigia simu. Kasoma mpaka mwisho. Mwalimu kavua miwani, kauliza, "Kwani aliyekuwa anahema ni nani?"

Nakundwa akamjibu, "Bibi hakugeuka."

Kapita, wakuu! Nimepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Nilichojifunza, uoga wa kuazima hautishi mtu. Mtunzi aanze na mahali ambapo yeye mwenyewe akipita anaharakisha hatua.

Haya, na wewe. Kwenu ni wapi mliambiwa msiingie, na nani aliingia? Mwageni hapa chini, maharage yangu bado magumu, nina muda wa kusoma wote.