Kamera ya Mstarini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya mafuta ya jenereta. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kichwa kimevimba, maana redio ya jamii hapa mjini Baraka ilikuwa imeniajiri na nilidhani sasa mji mzima unanijua. Hakuna aliyenijua. Anayejulikana redioni ni mtangazaji. Fundi hujulikana siku sauti inapokatika, na siku hiyo hujulikana kwa matusi. Lakini kijana humwambii hayo akakusikia.

Fundi wetu mkuu aliitwa Papa Wilondja, Mbembe wa kijiji cha Lubondja, mtu mfupi, mpole, mwenye masharubu meupe. Akiwa kazini alivua viatu, kwa sababu alitaka kujua kwa nyayo zake kama amekanyaga waya. Tulimcheka kwa hilo, tena mimi ndiye niliyecheka zaidi. Leo nikimfikiria nakiri wazi kwamba sijaona mtu mwingine aliyeijua kazi yake vile.

Miaka ile watu wetu walikuwa wanarudi kutoka kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Baadhi ya vijana walirudi na mchezo ambao hapa Fizi yote tulikuwa hatuujui: kriketi. Na kumbe wanajeshi wa kigeni waliokuwa wakilinda amani karibu na mji, watu wa kutoka Asia, walikuwa wanaupenda mchezo huohuo kuliko chakula. Wakakutana uwanjani. Sisi wengine tukashangaa, mchezo gani huu watu wanasimama juani nusu siku wamevaa nyeupe kama wanaokwenda kubatizwa!

Sitakuchosha na sheria zake. Shika hii moja tu. Mpigaji akishaupiga mpira kwa gongo lake, yeye na mwenzake hupishana mbio, kila mmoja kwenda kwenye mstari wa chokaa uliochorwa mbele ya vijiti vitatu upande wa pili. Mpira ukivunja vijiti kabla hajavuka mstari, ametoka. Akivuka kwanza, amepona, na mkimbio wake unahesabiwa. Mara nyingine tofauti ni upana wa kidole, na mwamuzi naye ni binadamu mwenye macho mawili kama yangu na yako.

Mechi ya kwanza iliharibikia hapo hapo. Mwamuzi alisema kijana wetu ametoka, watu wetu wakasema amevuka, mawe yakaanza kuruka. Ilibaki kidogo yatokee mabaya zaidi, maana upande mmoja ulikuwa na bunduki. Wazee wa mtaa na kapteni wa wale wanajeshi wakakaa, wakakubaliana: ichezwe mechi moja nyingine, na safari hii kamera mbili za kaseti ambazo redio yetu ilikuwa nazo zielekezwe kwenye mistari yote miwili. Mwamuzi akishindwa kuona, aulize kibanda chetu cha mitambo kando ya uwanja. Jiwe likirushwa tena, basi, uwanja ufungwe na kila mtu abaki kwake. Walipoulizana nani akae kwenye kibanda hicho, pande zote mbili zilimtaja Papa Wilondja.

Alinipa kamera ya mstari wa karibu na kibanda. Miguu ya kuisimamishia kamera hiyo ilikuwa mikuukuu, skrubu imelika, hivyo haikukaa yenyewe bila mkono wa mtu kuishika. Kabla ya mechi Papa aliinama, akachungulia, akanyoosha picha mpaka mstari na vijiti vikakaa katikati, kisha akaniambia:

"Mutoto wangu, hii kamera haina shingo. Mupira iende Kilembwe, iende Minembwe, we ubakie ku mustari."

"Ndiyo, Papa," nikasema, huku nikimtafuta kwa macho Etabo.

Etabo alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tulilala mkeka mmoja tukiwa wadogo, tukagawana muhogo mmoja. Ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa vijana wetu, na siku ile aliwapiga wale wanajeshi kwelikweli. Mji wote ulikuwa pale, na waliobaki nyumbani walikuwa wamewasha redio. Asubuhi yote nilishika mstari vizuri. Mara moja Etabo alikimbia, akavuka mbele yangu bila shida, na kaseti yangu ikamchukua vizuri, kuanzia uso mpaka vumbi la miguu yake.

Mwisho wa mechi tulibakiwa na mikimbio mitatu tu ili tushinde, na Etabo na mwenzake ndio waliokuwa wapigaji wetu wa mwisho. Etabo akapiga mpira. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Ule mpira ulipanda kwa namna iliyonifanya nisahau jina langu. Watu wakasimama wote. Nami mkono wangu, bila kuniuliza, ukaiinua kamera kuufuata. Niliufuata juu kabisa, nikaufuata ukishuka, nikamfuata mwanajeshi aliyeuokota chini na kuurusha. Nilipokumbuka mstari na kurudisha kamera, vijiti vilikuwa vimeshalala chini na Etabo alikuwa ameshapita, anahema.

Mwamuzi alikuwa amezibwa na mkimbiaji wa pili, hakuona kitu. Akageukia kibanda chetu, akachora mraba hewani kwa vidole. Ndiyo alama yao ya kuomba picha.

Papa Wilondja aliichukua kamera, akarudisha kaseti nyuma. Nilisimama begani pake nikiona alichokuwa anaona: mbingu, mpira, mtu anakimbia, mbingu tena. Aliirudia mara ya pili, kisha akaniangalia.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Uoga una akili zake za haraka. Nikamnong'oneza, "Papa, tuweke ile ya asubui. Ni mustari ileile, Etabo uleule, nguo zilezile. Nani atajua?"

Nakusimulia hili nikiwa na wajukuu wawili, na bado naona haya. Hakunifokea. Alisema polepole, "Tutajua shiye babili, mie na we. Hao ni bantu bengi sana kwangu."

Kisha akatoka peku hadi mlangoni pa kibanda, akachukua maiki iliyokuwa inasikika uwanjani na redioni kwa wakati mmoja. Nilidhani atatafuta maneno ya kuzungukazunguka. Hakuzunguka.

"Picha haiko," akasema. "Kamera yetu ilitoka ku mustari. Makosa ni ya huku kwetu, hapana ya mwamuzi, hapana ya bachezaji. Mutusamehe."

Minong'ono ikaanza. Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe: sheria ya mchezo ule inasema mwamuzi akiwa na shaka, mpigaji abaki. Kwa hiyo kukosekana kwa picha kulimsaidia kijana wetu. Wewe ungekuwa mgeni ungefikiri nini? Ungesema wenyeji wameificha. Kapteni wa wanajeshi akaja mbio, uso umekaza, na vijana wetu kadhaa wakasogea nyuma yake. Nilimwona mmoja ameinama kuokota kitu.

"Papa," kapteni akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "kweli picha hakuna?"

Papa Wilondja hakuapa, wala hakuita mashahidi. Alimpa kamera tu. Yule kapteni akaangalia kaseti yote, mbingu na mpira, mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani alishika hii?"

Papa akasogea akasimama mbele yangu. Alikuwa mkubwa wa kazi. Angeweza kusema jina langu na isingekuwa kosa. Nilimwangalia yule mzee akiwa tayari kuubeba mzigo wangu mbele ya mji mzima, nikaona afadhali ardhi inimeze kuliko nimwachie.

"Ni mie," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Ni mie. Niliangalia mupira."

Kapteni akanitazama. Kisha, mwanangu, akacheka. Akasema hata yeye aliuangalia mpira. Akarudi uwanjani akawaambia watu wake, na mwamuzi akanyoosha mikono: Etabo anabaki. Mpira uliofuata ukapita chini ya gongo lake, ukavibomoa vijiti vyote vitatu, akatoka bila haja ya picha yoyote. Tukashindwa. Lakini halikurushwa jiwe hata moja, na wiki mbili baadaye walicheza tena.

Watu walipoondoka nilibaki nakunja nyaya huku machozi yananitoka. Nilijua kazi imekwisha. Papa Wilondja alikuja akashika upande wa pili wa waya, tukawa tunakunja pamoja.

"Kesho utafika saa ngapi?" akaniuliza.

"Papa, haunifukuze?"

"Fundi wa kushika kamera nitamupata hata ku soko. Muntu wa kusema 'ni mie' mbele ya bote, nitamutoa wapi mwingine? Lakini mama, kama unataka kuona muchezo, lipa mulangoni uingie na benzako. Huku shiye tunakuja kuona mustari."

Basi nililia zaidi. Nilifanya naye kazi miaka mingi, mpaka macho yake yalipochoka, na mechi zote zile sikuona hata moja. Watu wakisimulia mpira fulani uliopigwa vizuri, mimi nilikuwa nawasikiliza kama mgeni.

Sasa, mwanangu, wewe kesho unaanza kukaa nyuma ya kompyuta, kuwapa waamuzi picha. Mitambo yako ni mizuri mara mia kuliko kaseti zetu, na najua unajivunia. Jivunie, mimi pia najivunia. Lakini nikuambie waziwazi nilichojifunza kwa Papa Wilondja. Ukipewa mstari, kaa na mstari, hata kama uzuri wote wa dunia unapita upande mwingine. Watakaoutazama uzuri ni wengi. Anayeangalia mstari ni wewe peke yako, na ukigeuza jicho hakuna mwingine wa kuutazama badala yako. Na siku utakapogeuza jicho, kwa sababu utaligeuza, usitafute kanda ya asubuhi. Sema picha hakuna, kisha sema ni nani aliyeikosa. Kuna siku watu wameshika mawe mkononi, na kitu pekee kinachowafanya wayaangushe ni kujua kwamba aliyeko kibandani hawadanganyi.

Mungu akutulizie mkono na kukufungulia mdomo. Akupe mkubwa wa kazi kama niliyempata mimi, na siku moja akufanye uwe mkubwa wa namna hiyo kwa mwenzako atakayekosea. Nenda salama, mwanangu. Radhi zangu zote unazo.