Jando Lililobatizwa

Wewe unayesoma, umewahi kuona dhambi ikipandishwa cheo? Mimi niliiona Ruangwa, miaka ile ya hamsini, nje ya kanisa baada ya ibada.

Padri alikuwa ametangaza kwamba sasa kanisa litakuwa na jando lake, lenye msalaba mlangoni na sala asubuhi. Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja hakupiga. Alikuwa amefungiwa komunyo tangu mwanawe alipopelekwa na mjomba wake kwenye jando la wazee, kule Nandagala.

"Baba Padri, basi na mimi nifunguliwe."

"Utubu kwanza mbele ya watu, mama," akadakia mwalimu wa dini, kidole juu. "Lile lilikuwa la kipagani."

"Kwani kisu ni kingine?"

Wanawake wakacheka ndani ya pindo za kanga. Padri akatazama viatu vyake.

"Haya, nitatubu," akasema mama. "Ila wewe, mwalimu, ndiye uliyenishtaki. Uliapa ulimwona mwanangu mle jandoni kwa macho yako."

"Nilimwona!"

"Mle haingii mtu ila ngariba na mwenye mtoto wake. Wewe ni ngariba?"

Kicheko kikakatika. Chuoni kwa mapadri nilisomeshwa mitaguso yote, ile mikutano mikuu ya maaskofu wa Kanisa, na sikumbuki hata mmoja uliouliza swali zuri kama hilo.

Kidole cha mwalimu kikashuka taratibu, kikaanza kuchezea kifungo cha kanzu.

"Mwanangu na wako walilala mkeka mmoja," akasema. "Wangu nilimpeleka mimi."