Mwamba Unainamia Wapi

Mhadhiri wetu wa uhandisi wa migodi, tuliyemwita Dokta, alikuwa amefundisha miaka mingi bila kuchafua viatu. Tulikuja kulijua hilo kwenye machimbo ya dhahabu ya Namungo, alipotupeleka wanafunzi sita kwa mafunzo ya vitendo. Aliteremka garini amevaa kofia ngumu nyeupe ikiwa bado na kibandiko cha dukani, kisha akaomba kiti.

Mwenye duara, yaani shimo tulilokwenda kujifunzia, alikuwa mama wa makamo aliyeachiwa duara hilo na marehemu mumewe. Alimweleza Dokta kwamba mwamba wenye dhahabu unainamia magharibi, na vijana wake wanaufuata huko huko. Dokta hakumtazama. Alifungua kompyuta yake kivulini, akatuonyesha ramani, akasema kwa Kiingereza kwamba miamba yote ya eneo lile inainamia mashariki, ila watu wasiosoma huchimba kwa kubahatisha.

Mama akaniuliza mimi amesema nini, maana lafudhi yangu ilishamwambia kwetu ni Nachingwea, jirani tu na hapo. Nikamtafsiria ile nusu yenye adabu.

"Mwambie ashuke aone, mwanangu," akasema.

Dokta akajibu kwamba ana presha. Presha hiyo haikumzuia mchana ule kumaliza paja zima la mbuzi aliyechinjwa na mama huyo huyo.

Nilishuka na mwenzangu mmoja kwa ngazi ya magogo, nikaweka dira kwenye mwamba. Magharibi. Hata bila dira ungeona.

Nikaandika hivyo katika ripoti. Tuliporudi chuoni Dokta aliniita ofisini, neno "magharibi" kalipigia mstari mwekundu. Akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyeshika alama zako mkononi, "Una hakika dira yako ilikuwa nzima?"

Nikasema huenda ilikuwa na hitilafu.

Nikafuta, nikaandika mashariki, nikapata A. Mwenzangu alikataa kubadilisha chochote, akarudia somo. Dokta akaitumia ripoti yangu katika makala yake, jina langu likiwa la mwisho kabisa, na darasa zima likanipongeza. Nilizipokea pongezi. Nilikuwa nikimcheka Dokta mabwenini kwa kuogopa shimo, na nikaendelea kumcheka.

Likizo iliyofuata nilipita Namungo. Mama alinikaribisha chai, akauliza kama tulimaliza kuandika habari za duara lake. Nikasema tulimaliza.

"Mliandika vizuri?"

Nikamwambia tuliandika vizuri sana.