Kifungo cha Shingoni

Kwa miaka thelathini na mmoja Luvenia Pettiford alitandika vitanda vya Ikulu ya Washington. Aliziona familia tano zikiingia na kutoka, wala hakutoa nje neno hata moja. Kina mama wa kanisani kwake walimwandama mpaka wakachoka.

"Tuambie basi, shoga, Rais anakoroma?"

"Huyo sijui. Mumeo ndiye anayekoroma, namsikia kila Jumapili mahubiri yakianza."

Ndivyo alivyokuwa, mdomo mzito na mkono mwepesi. Ila kwa Corinne alipatikana. Binti huyo wa Rais aliingia pale na miaka sita, mama yake safarini kila wiki, akafikisha kumi na minne. Sheria ya watumishi ilikuwa moja: mtoto wa Rais habebwi, hakumbatiwi, habusiwi. Luvenia aliishika sheria hiyo, nayo ikamuuma miaka minane.

Sasa ilikuwa Januari, siku ya kuapishwa Rais mpya. Asubuhi watumishi walijipanga mstari kuiaga familia. Corinne alimpa mkono kama alivyowapa wapishi, macho chini, akapita. Luvenia alipanda ghorofani kutandua vitanda. Miaka minane yote, na mtoto anaondoka bila kujua kwamba alipendwa!

Lakini siku ile nani ana nafasi ya kulia? Wakubwa wakiwa kwenye kiapo, watumishi wana muda wa saa tano tu kuitoa familia moja na kuiingiza nyingine, na wageni wasikute hata unywele wa waliotangulia. Alipovua foronya ya Corinne, bahasha ikaanguka. Juu yake imeandikwa: Kwa atakayelala hapa. Marais huachiana barua mezani, na mtoto naye kamuiga baba yake.

"Bi Luvenia!" Bwana Ostrander, msimamizi, alikuwa mlangoni na orodha yake. "Kuna kilichobaki humu?"

"Hakuna, bwana."

Bahasha ilikuwa ndani ya aproni. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika nyumba ile, na ungeweza kumfukuzisha kazi.

Alasiri akaingia Tabitha, binti wa Rais mpya, miaka tisa. Wazazi wake walikuwa chini wakipigwa picha. Akaketi ukingoni mwa kitanda na koti lake, amelifunga mpaka kidevuni.

"Huvui koti, mwanangu? Humu mna joto."

"Sitaki. Nataka kwetu."

Luvenia akatupa jicho mlangoni, kisha akampa bahasha. Tabitha akasoma kwa sauti, polepole:

"Nyumba hii ina watu wengi na hakuna atakayekukumbatia. Wamekatazwa. Bi Luvenia, anayetandika vitanda, naye amekatazwa. Lakini mwombe akufungue kifungo cha shingoni. Atachelewa makusudi. Mimi nilijifanya sijui kufungua mpaka nikawa na miaka kumi na mitatu. Kesho wakati wa kuagana sitamtazama, maana nitalia mbele ya watu."

Luvenia aligeukia dirisha, akapangusa kioo kilichokuwa safi tayari. Kumbe Corinne alijua! Muda wote ule alijua.

Tabitha aliikunja barua, akaja akasimama mbele yake, akainua kidevu.

"Hiki hapa kimenishinda," akasema.

Kilikuwa kifungo kikubwa, na tundu lake limelegea. Luvenia akapiga magoti, na kukifungua kulimchukua muda mrefu sana.